SOMO: Wiki ya Japani shuleni na mchango wa maafa, hatua kwa hatua (shule za msingi)

Nimechoka kujibu jambo hilohilo faraghani kila shule zinapofunguliwa, kwa hiyo naliweka hapa lote mara moja. Mnaoniandikia "mwalimu, ile ya korongo (wale ndege wa karatasi) mliifanyaje?", tafadhali someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Nafundisha shule ya msingi hapa Moshi, Darasa la Tano na la Sita. Tulianza Januari 2024. Watoto walirudi kutoka likizo wakiwa bado wanazungumzia Katesh, kule Hanang, ambako tope na mawe vilishuka mlimani tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80. Papo hapo zikaja habari kwamba siku ya Mwaka Mpya tetemeko la ukubwa wa 7.6 limepiga rasi ya Noto nchini Japani. Ikabidi tuamue tunafundisha nini na tunachangia nani. Utaratibu tuliouunda ndio huu.

Hatua ya 1: Ruhusa. Mwalimu mkuu, kamati ya shule, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri. Yote kwa maandishi. Bila barua, usipokee hata shilingi mia ya mtoto.

Hatua ya 2: Amueni mnamchangia nani. Msianze na mapambo. Kuna njia mbili, na zote ni halali: mnajifunza Japani na kuchangia Japani, au mnajifunza Japani na kuchangia maafa ya karibu. Sisi watoto walipiga kura, wakaamua nusu iende Hanang na nusu iende Noto.

Hatua ya 3: Ramani. Kipindi kimoja kinatosha. Waonyeshe kwamba Japani imekaa panapokutana mabamba manne ya ardhi, ndiyo maana inatikisika mara kwa mara. Kisha waonyeshe Bonde la Ufa na Kagera, ambako tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba Bukoba. Kwa watoto wa huku Kilimanjaro ongeza kahawa: Wajapani ni wanywaji wakubwa wa kahawa yetu, na jina la mlima huu linasomeka kwenye pakiti madukani kwao. Mtoto ambaye bibi yake ana shamba la kahawa hatasahau Japani iko wapi.

Hatua ya 4: Maisha ya mtoto wa shule wa Japani. Hapa ndipo utamaduni wenyewe ulipo, na ndipo walimu wengi wanaporuka haraka waende kwenye karatasi za rangi. Mtoto wa shule ya msingi kule hufagia darasa na kupiga deki korido pamoja na wenzake. Mchana, wanafunzi wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, wakawapakulia wenzao chakula, na wote hula darasani pamoja na mwalimu. Watoto wetu walifurahi sana kusikia habari za ufagio, maana wao hufagia kila asubuhi na wengi walidhani ni kwa sababu shule yetu haina pesa.

Halafu kuna mazoezi ya maafa. Tarehe 1 Septemba nchi nzima hufanya mazoezi, kwa kumbukumbu ya tetemeko kubwa la Kanto la mwaka 1923 lililoua watu wapatao 105,000 Tokyo na Yokohama. Tetemeko lile lilipiga muda mfupi kabla ya saa sita mchana, moto ukiwa umewashwa jikoni, na wengi waliteketea. Katika shule nyingi kila kiti kina kofia nene ya kitambaa chenye pamba ndani. Siku za kawaida mtoto huikalia kama mto, siku ya tetemeko huivaa kichwani. Watoto hukaririshwa kanuni nne: usisukume, usikimbie, usiongee, usirudi nyuma. Tuliziandika ubaoni, tukafanya zoezi lenyewe: kengele, wote chini ya madawati, shika miguu ya dawati, kisha kutoka kwa mstari hadi uwanjani huku mwalimu wa zamu akiita majina. Mara ya kwanza ilikuwa fujo tupu. Rudieni. Hata msipopata senti moja ya mchango, zoezi hili pekee linatosha kuhalalisha wiki nzima.

Hatua ya 5: Korongo wa karatasi. Wajapani hukunja korongo 1,000, huwatunga kwenye nyuzi, na kuwatoa kama dua ya afya na maisha marefu. Mtungo wa kawaida ni nyuzi 40, kila moja korongo 25. Usimpe mtoto mmoja kazi hiyo. Ni ya shule nzima.

Tatizo kubwa ni karatasi, na asilimia kubwa ya malalamiko ninayopokea yanatoka hapa. Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, si mraba. Lete upande mfupi ulale juu ya upande mrefu, kata kipande kinachobaki. Usikate karatasi kumi kwa mkasi kwa mpigo. Za chini huteleza, na unapata "mraba" wenye upande mmoja uliozidi milimita tatu. Kwa macho huoni. Ukishakunja mara kumi, zile milimita tatu zinakuwa shingo iliyopinda na bawa lisilofunguka, na mtoto anajiona mjinga wakati kosa ni la karatasi. Kata mbili mbili, kwa rula na wembe, kazi ya mtu mzima. Kila mraba ukunje kona kwa kona: kona zisipokutana sawasawa, hiyo ni karatasi ya hesabu, si ya korongo. Magazeti ya kung'aa na kalenda za mwaka uliopita zinafaa sana. Manila haifai, ni nene.

Ukunjaji:
- Upande wa rangi juu. Kunja kona kwa kona mara mbili, fungua.
- Geuza. Kunja upande kwa upande mara mbili, fungua.
- Kusanya kona tatu zishukie juu ya ile ya nne. Unapata mraba mdogo.
- Kona zilizo wazi zielekee kwako. Kunja kingo mbili za chini zikutane katikati, kunja na kile kipembetatu cha juu, kisha fungua zote. Sasa inua kona ya tabaka la juu, ipeleke juu mpaka ilale. Ubavu wa kushoto na wa kulia utajiingiza wenyewe. Geuza, rudia. Unapata almasi ndefu.
- Kunja tena kingo za chini kuelekea katikati, pande zote mbili. Vijiti viwili vya chini vipindue kwa ndani viende juu: shingo na mkia. Vunja ncha moja iwe kichwa. Shusha mabawa.

Darasa la Tatu hukwama kwenye kuinua kona. Usiwakunjie. Mweke mtoto aliyekwishajua katikati ya wawili wasiojua.

Hatua ya 6: Daruma. Ni mdoli mwekundu wa duara, hana mikono wala miguu, na ana uzito chini kiasi kwamba ukimwangusha anainuka. Mji wa Takasaki unasifika kwa kuwatengeneza. Huuzwa akiwa hana macho: unaweka nia, unampaka jicho moja, nia ikitimia, unampaka la pili. Kwa mchango hakuna kipimo kizuri kuliko hiki. Puto, vipande vya gazeti, uji mzito wa unga wa ngano, tabaka nne, siku tatu juani, kokoto na udongo wa mfinyanzi kitakoni, rangi nyekundu. Siku ya kuanza mwanafunzi mmoja anampaka jicho la kushoto mbele ya paredi. Tulimweka dirishani ofisini, na kila asubuhi watoto walipita kuuliza kama jicho la pili limekaribia.

Hatua ya 7: Siku ya maonyesho. Alikeni wazazi Ijumaa mchana au Jumamosi. Kuna mambo matatu yaliyotuletea fedha bila kumbana mtu.

La kwanza, bahasha. Wajapani huwapa watoto fedha za Mwaka Mpya ndani ya bahasha ndogo zilizopambwa. Watoto wetu walikunja bahasha zao, wakachora, wakawapa wazazi mlangoni. Mzazi huweka alichonacho, hufunga, hutumbukiza. Hakuna anayejua nani katoa nini, na hilo ni muhimu mno. Msisome majina. Msibandike orodha. Mtoto ambaye kwao hakuna kitu achangie kazi: kupanga viti, kupokea wageni, kusimulia.

La pili, onigiri, yaani wali uliokandwa umbo la pembetatu na kuwekwa kitu kidogo katikati. Samaki wa kopo anatosha.

La tatu, kamishibai, hadithi ya picha. Zamani, hasa miaka ya 1930, msimuliaji alipita mitaani na baiskeli yenye kijukwaa cha mbao, akagonga vipande viwili vya mti, watoto wakaja mbio, akawauzia peremende, kisha akasimulia. Boksi la biskuti lililotobolewa mbele linatosha. Jihadharini na maandishi: unapoitoa picha ya kwanza na kuipeleka nyuma, mgongo wake ndio unaokutazama wewe wakati wasikilizaji wanatazama picha ya pili. Kwa hiyo mgongoni mwa picha ya kwanza yaandikwe maneno ya picha ya PILI, na maneno ya picha ya kwanza yaandikwe mgongoni mwa picha ya mwisho. Mkipanga vinginevyo, msimuliaji atakwama mbele ya wazazi.

Hatua ya 8: KORONGO HAWATUMWI. FEDHA ZINATUMWA. Hii ndiyo hatua tuliyoiharibu; tulishafunga boksi la korongo tayari kwa posta, na ni mwalimu wa kujitolea wa Kijapani, aliyekuwa akifundisha sekondari ya jirani, aliyetuzuia. Alitueleza kwa upole mno, lakini alichosema ni kizito.

Familia iliyopoteza nyumba inalala kwenye ukumbi wa michezo wa shule, juu ya maboksi yaliyotandazwa, kila kaya na kipande chake cha sakafu. Yanaingia maboksi ya korongo kutoka kila kona. Hayaliki, hayavaliki, na hakuna mwenye moyo wa kutupa kazi ya mtoto. Kwa hiyo mtu aliyechoka anatafuta pa kuyaweka. Wajapani wenyewe huombana kila baada ya maafa wasipeleke korongo, wala nguo kuukuu. Baada ya tetemeko na tsunami ya mwaka 1993, kisiwa kidogo cha Okushiri kilipokea shehena za nguo na vitu kupita uwezo wake. Vilihitaji ghala, na vingi viliishia kuchomwa kwa gharama ya haohao waliokusudiwa kusaidiwa.

Kwa hiyo:
- Korongo wabaki shuleni, au wazazi wawanunue kwa nyuzi. Piga picha, tuma picha.
- Msikusanye nguo, hata kwa maafa ya hapa nyumbani, mpaka mpokeaji aseme anahitaji nguo gani, saizi gani.
- Fedha zihesabiwe siku hiyohiyo, mbele ya mzazi mmoja, mwalimu mmoja na wanafunzi wawili, wote watie sahihi. Kiasi kiandikwe ubaoni.
- Fedha zisilale nyumbani kwa mwalimu. Hata usiku mmoja.
- Zipelekwe kwa chombo kinachotoa risiti. Kwa hapa nchini ni kamati ya maafa ya mkoa au wilaya husika, au Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania. Kwa Japani ni Msalaba Mwekundu wa Japani. Hao hutenganisha aina mbili za michango: inayogawiwa moja kwa moja kwa walioathirika kupitia kamati za mikoa, na inayoendesha kazi za misaada zenyewe. Andikeni mnataka ipi.
- Makato ya benki ya kutuma nje yanameza mchango mdogo. Sisi tuliungana na shule mbili jirani, tukatuma mara moja.

Hatua ya 9: Taarifa. Risiti ibandikwe ubao wa matangazo ndani ya wiki mbili, kisha daruma apakwe jicho la pili mbele ya paredi. Usiruke hatua hii.

Maswali chini. Nitajibu kadiri ninavyopata muda.

---

Baba_Kelvin: Mwalimu naomba PDF.

Mwandishi: Hakuna PDF. Nakili maandishi haya.

Mwl_Rehema_Tanga: Ahsante sana mwalimu. Sisi tuko pwani kabisa, watoto wanaogelea baharini kila Jumapili. Naona matetemeko yatakuwa mbali na maisha yao. Naweza kuanzia wapi?

Mwandishi: Mwalimu Rehema, wewe una somo zuri kuliko langu. Anzia tarehe 26 Desemba 2004. Tsunami ile ilianzia Sumatra, ikavuka Bahari ya Hindi nzima, na Dar es Salaam ikaua watu waliokuwa wakiogelea. Wazee wa hapo Tanga huenda wanakumbuka maji yalivyokupwa na kujaa bila mpango siku ile. Watume watoto wakawaulize.

Kisha kwa kamishibai tumia kisa cha mwaka 1854 cha kijiji cha Hiro, mkoani Wakayama. Baada ya tetemeko, tsunami iliingia kukiwa giza linaingia, na watu hawakuona njia ya kukimbilia. Mfanyabiashara mmoja, Hamaguchi Goryo, aliwasha moto mabunda ya mpunga yaliyokuwa shambani ili mwanga uwaongoze watu kupanda juu. Baadaye alitoa mali yake kujenga tuta la kuzuia bahari, na wanakijiji walioharibikiwa wakapata ujira kwa kulijenga. Siku ya Dunia ya Uelewa wa Tsunami ni tarehe 5 Novemba kwa sababu ya kisa hicho. Picha nane zinatosha. Na wafundishe hili: ukihisi ardhi inatikisika kwa muda mrefu, au ukiona bahari imekupwa ghafla isivyo wakati wake, usisubiri kuambiwa, panda juu.

Otieno_KSM: Swali la kweli kabisa, bila ubaya. Japani ni tajiri. Wametujengea barabara na vyuo. Kwa nini mtoto wa Moshi atoe mia mbili yake kwa tajiri?

Mwandishi: Kaka Otieno, swali hili liliulizwa kwenye kikao cha wazazi, na kwa ukali zaidi. Nilijibu hivi. Nchi ni tajiri, lakini bibi wa Wajima, mji wa huko Noto, ambaye nyumba yake imelala chini katikati ya baridi ya Januari, hana maji, barabara imekatika, si tajiri siku hiyo. Rasi ya Noto ni ya wazee; katika mji wa Suzu karibu nusu ya watu wana miaka zaidi ya 65. Pale Wajima moto uliteketeza eneo la soko la asubuhi lililosifika nchi nzima, na karakana za vyombo vya mbao vinavyopakwa utomvu wa kung'aa zikaungua na vifaa vyake vyote. Ukihesabu na waliofariki baadaye kwa madhila ya kuhama na kukosa huduma, waliokufa wamepita 500. Na Septemba 2024, kabla hawajasimama sawasawa, mvua kubwa ikawafurika tena.

Hata hivyo, soma Hatua ya 2. Sikumlazimisha mtu. Nusu ya fedha zetu ilikwenda Hanang, na shule ikichagua kupeleka yote kwa watu wa karibu, mimi sina neno.

Otieno_KSM: Nimekuelewa. Na sisi tulipata mafuriko 2024, watoto wenyewe watachagua.

kijana_wa_mjini: hao si Wachina tu mwalimu, sawasawa

Mwandishi: Si Wachina. Lugha nyingine, nchi nyingine, historia nyingine. Hatua ya 3.

Mama_Ashura_Leicester: Assalaam aleykum. Watoto wangu wanasoma hapa Uingereza na shule yao inafanya siku ya Japani, wameambiwa waje na mavazi. Nataka kutumia kitenge kumshonea binti yangu kitu kama kimono. Kuna la kuangalia?

Mwandishi: Waaleykum salaam mama. Kitenge kitapendeza. Kuna jambo moja ambalo ni lazima: upande wa KUSHOTO wa vazi uje juu ya upande wa kulia, kwa mvulana na kwa msichana. Kulia juu ya kushoto huvikwa maiti. Mjapani akiona hatasema, ila atashtuka. Na kama watatumia vijiti vya kulia chakula, wasivichomeke wima kwenye wali, wala wasipokezane chakula kijiti kwa kijiti. Yote mawili ni mambo ya mazishini. Watoto wasivute macho kwa vidole kuiga sura za watu. Huku kwetu niliwasimamisha wawili siku ya kwanza kwa hilo, na halikurudi tena.

Mama_Ashura_Leicester: Hilo la kulia na kushoto sikulijua kabisa. Allah akulipe kheri.

Ticha_Dodoma: Korongo wangu mabawa hayafunguki na shingo inapinda. Nifanyeje?

Mwandishi: Mraba wako si mraba. Hatua ya 5.

Ticha_Dodoma: Nimepima, ni sawa.

Mwandishi: Kunja kona kwa kona, tazama zinavyokutana, kisha uniambie.

Ticha_Dodoma: Zimepishana.

Wanjiru_Nyeri: Mwalimu, vile vipande vinavyobaki ukikata A4 mnavifanyia nini? Nauliza kwa sababu hapa Nyeri tuna klabu ya mazingira na watoto hawaruhusiwi kutupa karatasi.

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Kipande kinachobaki kina upana wa sentimita 8.7. Kata miraba miwili ya 8.7, unapata korongo wadogo wawili kwa watoto wenye vidole vyepesi. Ule ukanda mwembamba unaobaki uwe wa kusukia alama za kitabu. Na wewe wa Nyeri una kiungo ambacho sisi hatuna: Wangari Maathai alipokwenda Japani mwaka 2005 alilipenda neno lao "mottainai", linalosemwa kitu kinapopotea bure kikiwa bado na thamani, akalibeba na kulihubiri duniani kote. Watoto wa kwao Nyeri wanastahili kulijua hilo.

Wanjiru_Nyeri: Huyo tunamjua, lakini hiyo ya Japani wengi hapa hawaijui. Nitaiweka kwenye ukuta wa klabu.

Hamisi_K: Ile hadithi ya msichana wa Hiroshima aliyekufa akiwa amefikisha korongo 644, mbona hukuiweka? Ndiyo inayoliza watu wakatoa hela.

Mwandishi: Sikuiweka kwa makusudi. Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili bomu lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, akaugua saratani ya damu, akafariki tarehe 25 Oktoba 1955 akiwa na miaka 12. Hiyo 644 ni ya hadithi iliyotungwa baadaye; kaka yake ameeleza kwamba alipita 1,000. Tena kifo chake kilitokana na vita. Ukimchanganya na tetemeko, watoto wanatoka darasani hawajui bomu ni nini wala tetemeko ni nini. Ifundishe, lakini siku yake, na fedha zisiwemo. Sikubali kumliza mtoto ili mzazi atoe pesa. Korongo za mnara wa Sadako pale Hiroshima, hizo ndizo zinazopokelewa kutoka duniani kote, lakini ni kwa ajili ya amani.

Mwl_Espérance_Goma: Jambo mwalimu. Sisi hapa Goma maafa ni ya kwetu wenyewe. Watoto wameona mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa 2021, wameona vita, wengine wanakaa kambini. Nikiwaonyesha picha za nyumba zilizoanguka Japani ninaogopa nitawaumiza. Lakini korongo wataipenda sana.

Mwandishi: Mwalimu Espérance, usiwaonyeshe picha hata moja ya maangamizi. Hawana haja ya kufundishwa maafa. Kwa watoto wako ningeanza na daruma, maana akianguka anainuka, na wanaweza kumwangusha mara mia. Kisha kamishibai, lakini hadithi waitunge wao, ya kuchekesha wakitaka. Zoezi la kutoka darasani lifanyeni likiwa mchezo wenye wimbo, siyo kengele ya ghafla. Kengele ya ghafla inaweza kumrudisha mtoto tarehe 22 Mei 2021. Na mchango usiwe wa fedha. Watoto wakikunja korongo wakawapelekea wenzao wanaolazwa hospitali hapo hapo mjini, waliotoa na waliopewa wanaonana kwa macho, na mnaweza kumuuliza muuguzi kwanza kama kuna pa kuwatundika. Ukipata nafasi, rudi utuambie ilikwendaje, nitajifunza kwako.

Mwl_Espérance_Goma: Aksanti sana. Tutaanza na ile ya kuanguka na kuinuka.

Salma_Unguja: Onigiri zangu zinamomonyoka. Nimetumia mchele wa Mbeya.

Mwandishi: Mchele wetu mwingi ni mrefu na unachambuka, na tunapenda hivyo kwa pilau. Wa Kijapani ni mfupi na unanata. Ongeza maji, usitie mafuta, ufunike baada ya kuiva kwa dakika kumi. Kanda ukiwa bado moto: lowesha viganja, paka chumvi kidogo, bana mara tatu au nne tu. Usiukandamize kama unakanda unga wa chapati. Ukikataa kabisa, changanya na mchele uliovunjika, unanata zaidi. Na uliwe siku hiyohiyo. Kwa joto la Unguja usiuweke mpaka jioni.

Salma_Unguja: Imekubali! Sasa nataka kuwafungia wageni kwa kanga, nimeona Wajapani wanafunga vitu kwa kitambaa. Inawezekana?

Mwandishi: Inawezekana na inapendeza. Kitambaa chao hukaribia mraba na kanga ni ndefu, kwa hiyo kunja kwanza upande mrefu mpaka ikaribie mraba. Weka chombo katikati, funga kona mbili zinazotazamana juu yake, kisha zile mbili nyingine zifunge ziwe mshikio. Fundo la pili lipite kinyume cha la kwanza ili lilale bapa. Likipita upande uleule linasimama wima, linateleza, na wali unamwagika njiani. Jina la kanga liachwe lisomeke mbele.

Baba_Kelvin: Nimenakili yote mwalimu. Unga wa uji wa daruma ni kiasi gani?

Mwandishi: Unga wa ngano kikombe kimoja, maji vikombe vitatu. Koroga ukiwa baridi, pika mpaka uzidi uzito, tia kijiko cha chumvi usiote ukungu. Unatosha puto nne. Usitumie puto kubwa.